Kugeuza baiskeli ya mbio ya mtumba iwe ya gia moja hapa Lubumbashi: mwongozo kamili

Baiskeli hizi huja kwangu zikisukumwa. Mwenyewe ametoa gia zote nyumbani, amekata mnyororo, ametoka Katuba akiwa na furaha, na kabla hajafika mjini mnyororo umeshatoka mara tatu. Mikono imejaa grisi, suruali imechafuka, na anaamini amenunua fremu mbovu.

Fremu haina kosa. Wengi hudhani kazi ya gia moja ni kutoa vitu, lakini kutoa ni dakika ishirini tu. Kazi yenyewe ni kupanga: meno ya mbele na meno ya nyuma yasimame kwenye mstari mmoja, na gurudumu la nyuma likae pale ulipolifunga. Mambo haya mawili ndiyo yanayowashinda watu, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu na mengine nitayapitia haraka.

Nitataja plato, yaani duara la meno la mbele, na pinyo, yaani duara la meno la nyuma. Friweli ni pinyo yenye utaratibu wake wa ndani unaokuwezesha kuacha kukanyaga huku gurudumu likizunguka. Dukani ukisema «roue libre» muuzaji atakuelewa.

## Kabla ya kununua baiskeli

Angalia kwanza midomo ya fremu, yaani zile nafasi za nyuma ekseli inamoingia. Ikiwa mdomo umelala, ekseli inaweza kusogezwa mbele na nyuma. Hiyo ndiyo unayoitaka, kwa sababu mnyororo wa gia moja hukazwa kwa kuvuta gurudumu nyuma. Ikiwa mdomo umesimama wima, gurudumu lina mahali pamoja tu pa kukaa, na utalazimika kuongeza kifaa cha kukaza mnyororo. Baiskeli nyingi za mbio za chuma zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 zina midomo iliyolala. Zile mpya zaidi, hasa za alumini, kwa kawaida zina iliyosimama.

Halafu pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na kichwa cha fremu. Ukihisi mkunjo au rangi iliyopasuka kama ganda la yai, baiskeli hiyo iligonga kitu. Iache, hata kama bei inakuita. Jaribu pia kuzungusha nguzo ya kiti. Ikiwa imekwama kabisa, omba bei ishuke, maana kuitoa kunaweza kukuchukua siku nzima.

Hali ya kibadilisha gia, nyaya zake na pinyo zilizochakaa isikusumbue. Vyote hivyo unavitoa, na ndivyo vinavyoishusha bei.

## Vitu vya kuandaa

Kwa baiskeli:

- friweli ya gia moja yenye meno 18. Ukikosa, 16 au 20
- mnyororo mpana wa baiskeli ya kawaida, pamoja na kiungo chake chenye klipu
- boliti fupi za plato, au washa nyembamba tano
- raba mpya za breki, jozi mbili
- grisi na mafuta mepesi ya mashine

Kwa mkono wako:

- spana, bisibisi, funguo za pembe sita
- kitoa pini cha mnyororo
- spana nyembamba za koni, zile nati za ekseli zinazobana gololi, na ufunguo wa spoki
- kifaa cha kutolea friweli kinacholingana na ile iliyopo
- rula ya chuma inayofika milimita 310 au zaidi
- brashi ya waya, mafuta ya taa, vitambaa

Hapa Lubumbashi tuna bahati ambayo watu hawaioni. Ile baiskeli nyeusi ya chuma inayoleta makala, yaani mkaa, mjini ikiwa na magunia juu ya magunia hutumia friweli ya gia moja na mnyororo mpana. Vipuri vyake viko soko la Kenya, komini ya hapa mjini, na kwa kila fundi wa kinga, yaani wa baiskeli, kando ya barabara, kwa bei ya mtu wa kawaida. Nyuzi za friweli hiyo ni za kipimo cha Kiingereza, inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kila inchi, na ndicho kipimo kilichoko kwenye vitovu vingi, yaani sehemu za katikati ya magurudumu, vya baiskeli za mbio za zamani. Kwa hiyo moyo wa kazi hii unaupata kwa muuza vipuri vya baiskeli za makala, bila kuagiza chochote kutoka Ulaya.

Onyo moja kuhusu baiskeli hiyo: usichukue gurudumu lake zima la nyuma na kulibana ndani ya fremu ya mbio. Ekseli yake ni fupi, na fremu ikibanwa kwa nguvu ya nati midomo yake hukaa upande. Chukua friweli na mnyororo, gurudumu liache.

## Hatua ya 1: Chagua meno

Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1980 zina plato mbili: ya nje meno 52, ya ndani meno 42. Tumia ya 42 pamoja na friweli ya 18. Ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu la nyuma litazunguka mara 2.33, na baiskeli itasogea karibu mita 4.9. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, mwendo ambao mguu unauzoea haraka, utakuwa kwenye kilomita 23 au 24 kwa saa.

Kwa mji wetu hiyo inatosha. Lubumbashi imekaa juu ya uwanda wa karibu mita 1,200, ina miinuko mirefu ya polepole lakini haina vilima vya kukata pumzi kama Bukavu. Anayeishi Bukavu ningemwambia abaki na gia zake.

Vijana wengi hutaka 52 kwa 16 kwa sababu inaonekana ya kasi. Uwiano wake ni 3.25. Utaenda vizuri barabara ikiwa tupu na upepo ukiwa nyuma yako, lakini kwenye kila rond-point utaanza upya kwa kusimama juu ya pedali, na magoti yatakuambia jioni. Anza na 42 kwa 18. Baada ya mwezi, ukiona unakanyaga hewa, nunua friweli ya 16. Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi.

## Hatua ya 2: Vua usivyohitaji

Kata nyaya za gia, toa vishikio vyake, toa kibadilisha gia cha mbele na cha nyuma, kisha toa mnyororo. Usikate nyaya za breki kwa haraka. Nimewaona wawili waliokata waya usio wenyewe.

Kibadilisha gia cha nyuma kitunze. Ikiwa midomo ya fremu yako imesimama wima, kitafanya kazi ya kukaza mnyororo. Nitakirudia.

Osha fremu na kitovu cha krenki, ile mikono inayobeba pedali, kwa mafuta ya taa, kausha. Zungusha krenki kwa mkono bila mnyororo. Ikiguna kama mchanga, fungua, safisha, weka gololi mpya na grisi sasa hivi, kabla hujaendelea. Krenki inayocheza kushoto na kulia itavuruga vipimo vyote vya hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Toa friweli ya zamani

Kwanza ujue una nini. Toa gurudumu, shika pinyo zote na uzizungushe kinyume. Tazama sehemu ya katikati iliyo karibu na ekseli. Ikizunguka pamoja na pinyo, una kaseti, yaani pinyo zinazovishwa juu ya kitovu chenye utaratibu wa friweli ndani yake. Ikitulia wakati pinyo zinazunguka, una friweli ya kufungwa kwa nyuzi. Baiskeli nyingi za zamani ni za namna ya pili, na ndiyo ninayoieleza hapa. Mwenye kaseti asome mwisho wa hatua ya 4.

Friweli hujikaza yenyewe kila unapokanyaga. Ikiwa imekanyagwa miaka thelathini, usitegemee kuifungua kwa spana ya mkono. Fanya hivi:

Weka kifaa cha kutolea ndani ya mashimo yake. Kifunge pale kwa nati ya ekseli, au kwa nati ya wenzo wa kufungua haraka, ili kisiruke na kuvunja meno yake. Kisha kibane kwenye jiliwa, ile mafundi wa chuma wanayoiita eto, gurudumu likiwa limelala juu. Shika rimu kwa mikono miwili kama usukani wa lori na uzungushe kinyume cha saa. Itaachia ghafla, kwa mlio mmoja mkubwa. Hapo simama, legeza ile nati ya kushikilia, kisha endelea kuzungusha. Ukisahau kuilegeza utavunja ekseli.

Usipokuwa na jiliwa nyumbani, nenda kwa mchomeleaji yeyote. Ni kazi ya dakika mbili na mara nyingi hatakutoza zaidi ya bei ya kinywaji.

Na ukikosa kifaa kinachoingia? Friweli za zamani zina mashimo ya namna nyingi, mengine ya meno, mengine ya vikato viwili au vinne, na vifaa vyake havipatikani tena kwa urahisi. Hapo utaifungua kwa kuivunja. Kwenye uso wa friweli kuna kifuniko chenye vishimo viwili vidogo. Weka patasi butu kwenye kishimo kimoja na ugonge kwa nyundo kuelekea upande wa saa, kwa sababu nyuzi za kifuniko hiki ziko kinyume. Kikishatoka, pinyo zote zitatoka na gololi ndogo zitamwagika, kwa hiyo tandika kitambaa. Kilichobaki kwenye kitovu ni kiini cha chuma. Kibane kwenye jiliwa kwa nguvu na uzungushe gurudumu kinyume cha saa.

Umefaulu ukiona nyuzi za kitovu zimebaki safi, hazina meno yaliyolala wala chuma kilichochanika.

## Hatua ya 4: Funga friweli mpya, bila nguvu

Hii ni hatua fupi yenye hatari kubwa. Baiskeli nyingi tunazopata zimetoka Ubelgiji na Ufaransa, na vitovu vya zamani vya Ufaransa, hasa vya kabla ya miaka ya 1980 ya kati, vinaweza kuwa na nyuzi za Kifaransa: kipenyo milimita 34.7, kila uzi milimita 1. Kipimo cha Kiingereza ni milimita 34.8 na nyuzi 24 kwa inchi. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Friweli itakubali kuanza kuingia, halafu itakwenda vibaya, ama kwa kukaza mapema ama kwa kukaa imelegea.

Mimi mwenyewe niliharibu kitovu kizuri namna hiyo. Nilihisi ugumu kwenye mzunguko wa tatu, nikadhani ni kutu, nikaongeza spana. Nyuzi za alumini zilitoka kama uzi wa kushonea, na kitovu kile hakikupona.

Kwa hiyo: safisha nyuzi kwa brashi, paka grisi nyingi, na zungusha friweli kwa vidole peke yake. Kwanza izungushe kinyume cha saa hadi usikie imedondoka kwenye mwanzo wa uzi, ndipo uigeuze upande wa saa. Ikiingia kwa vidole hadi mwisho bila kuyumba, ni kipimo chake. Ikikaza njiani au ikicheza cheza kwenye nyuzi, simama. Peleka gurudumu sokoni na ujaribu nyingine, au tafuta kitovu kingine. Kitovu cha nyuzi za Kiingereza kilichotumika ni rahisi kukipata kuliko friweli ya Kifaransa.

Grisi usiiache. Bila grisi chuma cha friweli na alumini ya kitovu hushikana, na siku ya kubadilisha utalia.

Mwenye kaseti: toa kaseti yote, chagua pinyo moja ya meno 16 hadi 18, na ujaze nafasi iliyobaki kwa pete za plastiki zilizotoka kwenye kaseti hiyohiyo. Kaseti za bei ndogo zimeunganishwa kwa vipini vya chuma. Saga vichwa vyake kwa tupa na zitaachana. Uzuri wa njia hii ni kwamba pinyo unaipeleka kushoto au kulia kwa kubadilisha pete, na hatua inayofuata inakuwa nyepesi sana kwako.

## Hatua ya 5: Mstari wa mnyororo

Hapa ndipo baiskeli zinazosukumwa zinapozaliwa. Soma polepole.

Baiskeli ya gia nyingi inavumilia mnyororo uliokaa upande, kwa sababu kibadilisha gia kinauvuta na kuuongoza muda wote. Umekitoa. Sasa mnyororo hauna wa kuuongoza isipokuwa meno yenyewe. Plato ikiwa milimita 5 nje kuliko pinyo, kila kiungo kinafika kwenye jino kikiwa kimepinda. Utasikia mlio wa kusaga, meno yatachongoka upande mmoja, na kwenye shimo la kwanza la barabara mnyororo utapanda juu ya jino na kutoka.

Pima mbele. Weka rula upande wa bomba la kiti, pale plato inapopita karibu nalo. Pima kutoka ukingo wa bomba hadi katikati ya jino la plato. Ongeza nusu ya unene wa bomba. Bomba la kawaida lina milimita 28.6, kwa hiyo ongeza 14.3. Tuseme umepata 26.7. Jumla ni 41.

Pima nyuma. Pima umbali wote kati ya midomo miwili ya fremu, kwa ndani. Baiskeli za gia sita au saba kwenye kitovu huwa na milimita 126, zile za baadaye 130. Gawanya kwa mbili. Kisha, gurudumu likiwa limefungwa, pima kutoka uso wa ndani wa mdomo wa kulia hadi katikati ya jino la pinyo, na utoe. Mfano: nusu ya 126 ni 63, toa 25, unabaki na 38.

Mbele 41, nyuma 38. Tofauti ni milimita 3, pinyo iko ndani mno. Matokeo ya namna hii ni ya kawaida kabisa, kwa sababu kitovu kilitengenezwa kibebe pinyo sita na wewe umeweka moja tu, ikakaa karibu na spoki.

Tofauti ya milimita 1 iache. Milimita 2 mnyororo mpana unaivumilia. Zaidi ya hapo rekebisha, na anza na lililo rahisi:

*Kwanza, plato.* Plato ya 42 inaweza kufungwa upande wa ndani wa mikono ya krenki au upande wa nje. Ukitoa ile ya 52, jaribu pande zote mbili na upime tena. Kwa kuwa pinyo huwa ndani, mara nyingi upande wa ndani ndio sahihi. Boliti za plato mbili zitakuwa ndefu kwa plato moja. Weka fupi, au jaza kwa washa. Boliti inayoonekana imekaza huku plato ikicheza ni hatari, na utaigundua kwa kuitikisa kwa mkono.

*Pili, pete za ekseli.* Kwenye ekseli ya nyuma, upande wa kulia, kati ya koni na nati ya kufungia kuna pete zinazojaza nafasi. Fungua, chukua pete ya milimita 3 kutoka kulia na uipeleke kushoto. Kitovu kizima kitasogea kulia milimita 3, pinyo itafika 41, na upana wote utabaki 126 uleule. Sogeza ekseli yenyewe hadi ncha zake zitokeze sawa pande zote. Kaza koni ili ekseli izunguke laini bila kusaga na bila kucheza.

Kwa macho, simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja na utazame juu ya pinyo kuelekea mbele. Meno ya plato yanapaswa kutokea moja kwa moja mbele ya meno ya pinyo.

## Hatua ya 6: Rudisha rimu katikati

Ukisogeza pete, rimu nayo imeondoka katikati kuelekea kulia. Irudishe kwa kulegeza spoki za kulia na kukaza za kushoto, kila moja robo mzunguko, ukizunguka gurudumu lote kabla ya kurudia. Usikaze sehemu moja hadi mwisho, maana rimu itapinda kama kachumbari ya kabichi.

Kipimo hakihitaji kifaa. Funga gurudumu, angalia nafasi kati ya rimu na raba ya breki kila upande. Lifungue, ligeuze kushoto kulia, lifunge tena. Rimu ikikaa palepale, iko katikati.

Kazi hii ina faida usiyoitegemea. Gurudumu la gia nyingi lina spoki za kulia zilizosimama wima na kukazwa mno, na za kushoto zimelegea. Ukilisogeza hivi, pande mbili zinakaribia kulingana, na gurudumu linakuwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani. Kwa mashimo yetu, hilo si jambo dogo. Kama hujawahi kushika ufunguo wa spoki, mlipe fundi kwa hatua hii peke yake na usimame pale utazame.

## Hatua ya 7: Mnyororo

Usirudishe mnyororo mwembamba wa zamani. Mpana una nafasi ya ndani ya inchi moja ya nane, karibu milimita 3.2, na unakaa vizuri hata juu ya plato iliyotengenezewa mnyororo mwembamba. Mwembamba hautapanda juu ya friweli pana.

Weka gurudumu karibu na mbele ya mdomo wa fremu, lakini usilisukume hadi ukutani. Zungusha mnyororo juu ya plato na pinyo, uvute kwa mkono, na utie alama panapokutana. Kata, kisha unganisha kwa kiungo chenye klipu. Upande wa klipu uliofungwa utazame mbele, kule mnyororo unakokwenda ukiwa juu. Ukiugeuza, kijiti kimoja cha njiani kinatosha kuing'oa.

Sasa vuta gurudumu nyuma. Katikati ya mnyororo, upande wa chini, bonyeza juu na chini kwa kidole: uchezee sentimita 1, au 1 na nusu. Ukikaza kama waya wa gitaa, gololi za kitovu na krenki zitaisha mapema. Ukilegea kama kamba ya nguo, utatoka.

Zungusha krenki polepole ukibonyeza. Utaona mahali unakaza zaidi, kwa sababu plato chache sana ni duara kamili. Pima hapo penye kukaza. Tofauti ikiwa kubwa, legeza boliti za plato kidogo, igonge taratibu kwa mpini wa nyundo kuelekea upande uliolegea, kaza tena, na ujaribu.

Kama midomo imesimama wima: rudisha kibadilisha gia cha nyuma. Kata mnyororo uwe mfupi, uupitishe kwenye magurudumu yake madogo, na uingize kipande kifupi cha waya wa gia, kichwa chake kikiwa kwenye skrubu ya kurekebishia, na uufunge kwa boliti yake. Kaza au legeza hadi gurudumu dogo la juu lisimame chini ya pinyo. Hakipendezi macho, ila kinafanya kazi.

Umefaulu hivi: zungusha pedali kwa mkono kwa kasi huku ukiusukuma mnyororo kwa kijiti kutoka pembeni. Ukibaki juu ya meno na hakuna mlio wa kusaga, mstari wako ni mzuri.

## Hatua ya 8: Funga gurudumu lisisogee

Kwenye gia moja nguvu yote ya mguu inauvuta mnyororo, na mnyororo unavuta ncha ya kulia ya ekseli kuelekea mbele. Ekseli ikiteleza, gurudumu linageuka na tairi linasugua fremu upande wa kushoto, mnyororo unalegea, na tunarudi palepale. Mtu anaporudi akisema «fundi, mnyororo umelegea tena», kwanza natazama ubavu wa kushoto wa fremu. Mara nyingi kuna alama nyeusi ya raba.

Baiskeli ya mbio kwa kawaida hufungwa kwa wenzo wa kufungua haraka. Ule wa chuma wenye meno makali pande za ndani unashika vizuri. Ule mwepesi wa alumini usiuamini. Lililo bora zaidi ni kubadilisha ekseli yenye tundu kwa ekseli ngumu ya nati. Ekseli ya baiskeli nyingi za mbio ni ya milimita 10, lakini ya baiskeli nyeusi mara nyingi ni ya inchi tatu ya nane, ndogo kidogo. Kwa hiyo nenda sokoni ukiwa na koni zako mfukoni na uzijaribu palepale.

Safisha rangi na mafuta kwenye midomo ya fremu, chuma kishike chuma. Kaza nati kwa zamu: kulia kidogo, sogeza gurudumu, kushoto kidogo, hakikisha tairi liko katikati ya fremu, ndipo ukaze kabisa.

## Hatua ya 9: Breki mbili

Kuna picha za vijana wa Ulaya wanaoendesha gia moja bila breki. Wengi wao wana pinyo isiyo na friweli, wanazuia kwa miguu. Wewe una friweli: ukiacha kukanyaga, baiskeli inaendelea. Bila breki huna kitu kabisa. Weka breki ya mbele na ya nyuma, nyaya mpya, raba mpya.

Rimu za chuma zinazong'aa huteleza sana zikilowa. Mvua zikianza Novemba, anza kufunga breki mapema, mbali na taa na mbali na nyuma ya lori.

## Hatua ya 10: Safari ya kwanza

Chagua barabara tulivu na kamwe si ile ya malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa. Nenda kilomita mbili, panda mwinuko mmoja ukikanyaga kwa nguvu zako zote. Friweli itajikaza mahali pake pa mwisho, huenda utasikia mlio mmoja. Rudi nyumbani, pima tena mchezo wa mnyororo, kaza nati, kaza boliti za plato. Ukiruka kipimo hiki cha pili, kazi yote uliyofanya inategemea bahati.

Baada ya hapo, kiangazi chote vumbi jekundu ndilo adui. Futa mnyororo kwa kitambaa kikavu kila wiki, weka tone la mafuta mepesi kwa kila kiungo, kisha futa tena yaliyobaki nje. Usitumie mawese wala grisi juu ya mnyororo. Vumbi hushika hapo na kugeuka msasa.

Kila mwezi weka rula juu ya mnyororo. Viungo 24 vikiwa vipya vina milimita 304.8, kutoka pini hadi pini. Vikifika 308, badilisha mnyororo kabla haujala meno ya plato. Na ekseli ikikaribia mwisho wa mdomo wa fremu kabla ya siku hiyo, toa kipande kimoja cha mnyororo, yaani kiungo cha nje na cha ndani kwa pamoja, rudisha gurudumu mbele, na uanze kukaza upya.